Maktaba Nyuma ya Kasino

Kila msimu wa maonyesho ya vitabu ukifika Nairobi, hakosi mtu mwenye suti wa kusimama mbele ya maikrofoni na kutangaza kwamba Wakenya hawasomi. Halafu ataongeza ule mzaha uliochakaa, ati ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Watu watacheka, atapigiwa makofi, na jioni ataingia kwenye gari lake aende zake. Hakuna atakayemuuliza: maktaba ya kaunti yako ilinunua kitabu lini mara ya mwisho?

Mimi riziki yangu ni uandishi wa habari, lakini kwa masomo ni mkutubi. Nilisomea sayansi ya habari Chuo Kikuu cha Moi, na kabla gazeti halijaninyakua nilikaa karibu miaka mitatu nyuma ya kaunta ya tawi moja la maktaba ya umma ambalo sitalitaja, kwa sababu wenzangu bado wanakula hapo. Kwa hivyo nikisema kauli ile ni uongo, sizungumzi kutoka hewani. Niliwaona walioingia, nikasikia walichouliza, nikawaona wakitoka. Wengi walitoka mikono mitupu. Hamu ya kusoma walikuwa nayo. Walichotaka kusoma hatukuwa nacho.

Walitaka nini? Riwaya ziliulizwa, hasa wakati wa likizo. Nakala yetu pekee ya Siku Njema ya marehemu Ken Walibora ilizunguka mtaa mzima hadi ikabaki bila jalada. Lakini wengi walikuja na shida. Askari wa usiku aliyefutwa kazi kwa simu alitaka kujua sheria inasemaje kuhusu notisi. Mama wa mboga alitaka kujua kama kaunti ina haki ya kumtoza ada mara mbili kwa siku moja. Wasichana wawili walitaka kitabu cha ufugaji wa kuku, cha Kiswahili tafadhali, manake kile cha Kiingereza walikisoma chote na ile sura ya dawa ikawashinda. Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila mwezi alikuja kuuliza kama tumepata ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ardhi ya umma iliyonyakuliwa, ile ya mwaka 2004. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa. Hatukuipata.

Na sisi tulikuwa na nini? Tulikuwa na makontena. Vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, maboksi kwa maboksi. Sikatai msaada, na vingine vilikuwa vizuri sana. Lakini kwenye rafu ya 336, ambako mfumo wa Dewey huweka fedha za umma na kodi, kitabu kinono kuliko vyote kilikuwa mwongozo wa kodi ya mapato ya Marekani wa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Fasihi ya Kiswahili, 896.392, ilichukua nusu rafu. Katiba ya Kenya tulikuwa na nakala moja, na ilifungiwa kwenye droo ya ofisini isije ikaibwa. Hebu fikiria: kati ya vitabu vyote mle ndani, kile tulichoogopa sana kuibiwa ndicho tunachoambiwa kwamba watu hawana haja nacho.

Viti vyenyewe vilikuwa vimejaa saa mbili asubuhi. Watahiniwa wa kidato cha nne, wanafunzi wa vyuo, watu wanaosomea mitihani ya uhasibu, kila mmoja na vitabu vyake kwenye begi. Walitaka meza, taa na kimya, vitu ambavyo chumba kimoja cha kupanga hakina. Hao wana haki yao na nisingependa wafukuzwe. Ila tusidanganyane kwamba kukodisha kimya ndiyo kazi yote ya maktaba.

Anayenijia akilini mara nyingi ni mama mmoja mjane. Aliingia na kiondo begani, akaniita mwalimu, kama wengi wa rika lake wanavyomwita yeyote anayekaa na vitabu.

“Mwalimu, hapa mnaweka gazeti la serikali?”

“Gazeti gani, mama? Taifa Leo?”

“La serikali. Lile la korti.”

Alikuwa amesikia, kwa mtu aliyesikia kwa mtu mwingine, kwamba ndugu za mumewe wameenda mahakamani kuomba wawe wasimamizi wa mirathi. Ombi kama hilo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo hutoka kila Ijumaa, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Sisi hatukuwa nalo. Toleo la mwisho kwenye rafu yetu lilikuwa la miaka kadhaa nyuma, limefungwa kwa kamba ya katani. Nilimwandikia kwenye karatasi namna ya kulipata mtandaoni. Akaitazama karatasi, akaitazama simu yake ya mulika mwizi, akacheka kidogo. Saa ya chakula tukakaa naye kwenye ngazi za nje, tukapekua kwa simu yangu na bando langu, toleo baada ya toleo, mpaka tukaliona jina la marehemu. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Alifika kortini, yaliyofuata ni yake, siyasimulii.

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ya kusoma lile gazeti. Marafiki wananicheka, lakini nawaambia hakuna jarida linalosisimua kama hilo nchini. Tazama matangazo ya ardhi. Mtu ameapa kwamba hati miliki imepotea. Msajili anatangaza kwamba baada ya siku 60, kama hakuna pingamizi, atatoa hati mpya na ya zamani haitakuwa na nguvu. Mara nyingi ni kweli imepotea, imeliwa na mchwa au imeungua na nyumba. Mara nyingine hati haijapotea popote, iko ndani ya sanduku la bibi fulani kule kijijini, na anayeapa anajua hivyo. Siku 60 zinapita. Bibi amenyamaza, kwa sababu karatasi hiyo hajawahi kuiona maishani mwake. Na kwa macho ya msajili, ameambiwa.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Sehemu kubwa ya utawala wa nchi hii imejengwa juu ya dhana kwamba Mkenya anasoma. Anachapishiwa tangazo, anahesabiwa siku, zikiisha basi amekubali. Kaunti inatangaza kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti kwa tangazo la robo ukurasa gazetini, asipofika, ameshirikishwa. Serikali ikitaka kumpokonya mtu nafasi ya kupinga, humchukulia kuwa msomaji mzuri ajabu. Ikiombwa pesa za maktaba, ghafla inakumbuka kwamba huyu mtu hasomi.

Chagueni moja.

Ukitaka kujua maktaba imewekwa wapi katika fikra za taifa, fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, ambapo kazi za kaunti zimeorodheshwa. Kifungu cha 4 kinahusu utamaduni, burudani na huduma za umma. Kwanza kamari na kasino. Pili mashindano ya mbio. Tatu leseni za vileo. Nne sinema. Tano kuonyesha na kukodisha video. Sita, chini ya herufi (f), maktaba. Najua wanasheria wataniambia mpangilio wa orodha hauna maana yoyote kisheria. Sawa. Lakini shuka stendi ya mji wowote mdogo uhesabu maduka ya kamari, kisha baa, kisha maktaba, halafu uniambie kama magavana wetu hawakuufuata mpangilio huo kwa uaminifu. Leseni ya baa huleta pesa. Maktaba hula pesa. Hesabu ni rahisi, na walioipiga wanaijua. Na kabla ugatuzi haujapoa, mwaka huohuo wa 2013 magavana wa kwanza walipoapishwa, sheria mpya ya VAT ikaja na asilimia 16 juu ya vitabu. Bodi ya taifa ya maktaba na kaunti nazo zikaanza kuvutana nani abebe matawi, nani alipe wafanyakazi, na katikati ya mvutano huo vitabu vikaendelea kuchakaa.

Wakoloni hawakuwa wapumbavu kiasi hiki. Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni katikati ya Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka mwaka 1958. Miaka 27. Walimwachia kazi za mle ndani, za kufagia na kubeba, si kiti. Hakuna anayeweka mlinzi kwenye mlango wa kitu kisicho na thamani. Sisi tumeondoa mlinzi, tukaondoa na vilivyokuwa ndani. (Namshukuru Mungu kwa waliojitolea miaka ya karibuni kukarabati jengo hilo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Lakini hiyo ni juhudi ya raia, na raia ana mikono miwili tu.)

Sasa, nikifika hapa huwa naambiwa: wewe, tuko zama gani? Kila kitu kiko kwenye simu. Wabunge wanapenda sana jibu hili kwa sababu halina gharama. Ni kweli, vingi viko mtandaoni, na nitavitaja. Ila nenda saiba yoyote saa nne asubuhi uone foleni. Watu wanajaziwa fomu za kodi, wanaombewa mikopo ya chuo, wanatafutiwa matokeo, wanachapishiwa barua za kazi. Yule kijana wa saiba ndiye mkutubi wa Kenya ya leo, na ninamheshimu, kwa sababu anafanya kazi tuliyoiacha. Lakini analipwa kwa ukurasa. Anajua nywila za mtaa mzima. Wengine ameziandika kwenye daftari ili wasisumbuke wakirudi. Anajua nani anadaiwa, nani anatafuta kazi kwa siri, nani ameandikia wakili. Mkutubi hufundishwa darasani kwamba alichosoma mtu ni siri ya huyo mtu. Kijana wa saiba nani amemfundisha? Na akiamua kuuza lile daftari, utamshtaki kwa nani?

Jibu la pili ni la wakubwa zangu wa zamani. Msimamizi mmoja aliwahi kunikuta nikibandika ukutani makadirio ya bajeti ya kaunti, yale yale ambayo sheria ya fedha za umma inataka yafike bunge la kaunti kabla ya Aprili 30. Nilikuwa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya fungu la maktaba. Aliyabandua mwenyewe, kwa adabu, bila kunigombeza. “Sisi si wanaharakati,” akasema. “Mkutubi hana upande.” Nimelifikiria hilo neno miaka mingi. Karatasi ile iliandikwa na serikali yenyewe, na sikuwa nimeongeza neno. Kama kubandika karatasi ya serikali ukutani ni siasa, basi kuibandua ni nini? Maktaba isiyo na bajeti ukutani nayo imechagua upande, upande wa yule anayefurahi ikiwa hakuna anayeuliza.

Wenye suti walipata jibu lao Juni 2024. Muswada wa Fedha ulipotoka, vijana wale wale wanaoambiwa hawasomi waliusoma. Waliuchambua kifungu kwa kifungu: mkate, gari, pedi, M-Pesa. Wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakauweka kwenye TikTok, wakausomea wazazi wao sebuleni. Juni 25 watu walipigwa risasi barabarani wakafa, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Nilikuwa kazini wiki hizo zote, na niliyoyaona sitaki kuyafanya mfano wa hoja. Nasema tu kwamba sijawahi kuona hati kavu ya serikali ikisomwa na watu wengi namna ile, na karibu hakuna aliyeisomea maktabani. Mkutubi alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kaunta yake, akipiga muhuri wa tarehe kwenye mwongozo wa kodi ya Marekani.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Vitu vyenyewe viko, na vingi ni vya bure. Kenya Law ina tovuti yenye sheria zote, hukumu za mahakama na matoleo ya Gazeti Rasmi. Huhitaji kujisajili wala kulipa. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge ziko kwenye tovuti ya Bunge. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko wazi, kaunti kwa kaunti, na kama hujawahi kusoma ya kaunti yako, jipikie chai kwanza. Katiba ipo kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa katikati: anayejua kwamba tangazo la mirathi huwa nyuma ya matangazo ya ardhi, anayejua ukurasa wa ripoti ya ukaguzi ambako kuna barabara iliyolipiwa na haipo, na anayeweza kuyaeleza hayo kwa lugha ambayo mama wa kiondo anaielewa. Maana hilo nalo ni tatizo. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, halafu Gazeti Rasmi linamwandikia mjane kwa Kiingereza cha mawakili na kumhesabia siku.

Ninachodai ni kidogo hata kinaniaibisha. Sitaki jengo la vioo wala “kitovu cha kidijitali” chenye jina la gavana. Nataka meza moja karibu na mlango katika kila tawi. Juu yake Gazeti Rasmi la Ijumaa iliyopita, makadirio ya bajeti ya kaunti, ripoti ya mwisho ya mkaguzi, Katiba kwa lugha zote mbili, iliyotolewa kwenye droo. Ikiibwa, iwekwe nyingine. Bora tuwe na wezi wa Katiba mtaani. Nataka kompyuta moja ambayo ni ya maswali hayo tu, na mkutubi asiyeogopa kuhamishwa akisaidia mtu kuandika barua. Na nataka hao watu wa maikrofoni, siku wakialikwa tena, waje na risiti za vitabu walivyonunua kabla ya kutusimulia mzaha wao.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 iliyotokana nacho inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na lijibiwe ndani ya siku 21. Kwa hivyo niliandika kwa kaunti ninamoishi, ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, maswali mawili: maktaba zenu zimenunua vitabu vingapi katika miaka mitatu iliyopita, na Gazeti Rasmi hupelekwa katika tawi gani? Dada wa mapokezi alilisoma mara mbili, akaniuliza kama nina la Kiingereza. Nikamwambia sina. Akatabasamu, akagonga muhuri, akanirudishia nakala yangu.

Leo ni siku ya 47.